Makinga Maji ya Fanya Juu Yasiyobomoka: Mwongozo Kamili kwa Mashamba ya Miteremko ya Usambara

Kila masika yanapokwisha, malalamiko ni yale yale kuanzia Lushoto na Bumbuli hadi Korogwe na Muheza. Mkulima alichimba makinga maji kwa jasho, mvua kubwa ya kwanza ikayapasua, na pale palipopasuka sasa pana korongo ambalo halikuwepo. Wengi huishia kusema kwamba makinga maji hayaufai udongo wao. Ukiyakagua mashamba hayo kwa makini, utakuta mistari ilipimwa kwa macho, au maji yanayozidi hayakuandaliwa pa kwenda, na mara nyingi makosa yote mawili yamekutana katika shamba moja.

Mwongozo huu unahusu fanya juu, yaani mtaro unaochimbwa kwa kufuata kontua (mstari unaopita mahali penye kimo kimoja mlimani), ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ili ufanye tuta. Ninaipendelea njia hii kuliko kukata ngazi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ngazi za mkupuo hufukua udongo mfu, yaani wa chini usio na rutuba, na kuuleta juu, na mkulima hukosa mavuno kwa msimu mmoja au miwili. Katika fanya juu, mvua na jembe huusogeza udongo polepole hadi ujae nyuma ya tuta, na shamba hujilaza lenyewe baada ya miaka kadhaa huku likiendelea kulimwa.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Fito mbili zilizonyooka za mita 2 na nusu kila moja, na ufito mmoja wa mita 1 na nusu, kwa ajili ya fremu ya A.
- Misumari, au kamba ya kufungia viungo.
- Uzi wa nailoni wa mita 2 na jiwe la ukubwa wa ngumi. Uzi wa katani haufai hapa, kwa kuwa hujisokota na kulizungusha jiwe.
- Ufito au mbao iliyonyooka ya urefu wa mita 2 kamili, pima maji ya fundi mwashi, na futi ya kupimia.
- Kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1 kamili.
- Vigingi vya kutosha: kimoja kwa kila mita 2 za mstari.
- Jembe, sururu kwa sehemu ngumu, beleshi, na panga.
- Vipando vya majani: Guatemala, mabingobingo au vetiva. Hesabu vitatu kwa kila mita moja ya tuta, na uongeze vichache vya kurudishia vitakavyokufa.
- Ukoka wa kupanda kwenye njia ya maji.

Vifaa hivi ni vya gharama ndogo. Kinachogharimu ni nguvu kazi. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60 hutoa udongo unaozidi theluthi moja ya mita ya ujazo kwa kila mita ya urefu, na uzito wake ni karibu nusu tani. Shamba la nusu ekari lenye urefu wa mita 50 kufuata kontua na mita 40 kushuka, likiwa na mteremko wa asilimia 20, litahitaji mistari mitano, yaani mita 250 za kuchimba na mita 90 za ujazo za udongo wa kurusha juu. Kwa hiyo panga kazi kwa msaragambo na majirani, au gawa shamba katika misimu miwili au mitatu. Ni bora kukamilisha mistari miwili ya juu ikiwa imara kuliko kuacha mitano ikiwa nusu nusu.

## Hatua ya 1: Chunguza kama shamba linafaa

Chimba shimo la mita 1 katika sehemu tatu: juu, katikati na chini. Ukikuta mwamba au changarawe ngumu kabla ya sentimita 80, usichimbe mtaro. Panda mistari ya majani kufuata kontua, au panga mawe kwenye mistari hiyo hiyo, kwa sababu mtaro wa kina katika udongo mfupi humaliza udongo wote ulionao.

Kisha pima mteremko. Weka ncha moja ya mbao ya mita 2 ardhini upande wa juu, inyanyue ncha ya chini hadi pima maji ioneshe usawa, halafu pima kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Nusu ya sentimita utakazopata ndiyo asilimia ya mteremko: sentimita 40 ni asilimia 20, sentimita 60 ni asilimia 30. Rudia mahali pengi na utafute wastani.

Pakizidi asilimia 50, usipachimbe kwa mazao ya msimu. Sehemu hiyo iachiwe miti na mazao ya kudumu. Kwa Muheza na Amani, karafuu, mdalasini na pilipili manga hulipa vizuri pasipo kuligeuza shamba kila mwaka.

Onyo. Usichimbe mtaro wa kutuamisha maji moja kwa moja juu ya nyumba, wala mahali penye chemchemi, nyufa za ardhi au miti iliyoinama kwa kufuatana. Maji yanayozama hapo huulainisha udongo wa chini, na kipande kizima cha mlima kinaweza kuteleza. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto. Mistari yako iishie nje ya ukanda huo.

## Hatua ya 2: Andaa njia ya maji msimu mmoja kabla

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayobomoa makinga maji mengi kuliko nyingine zote. Mvua inapozidi uwezo wa udongo kunywa, maji lazima yatoke. Yasipopewa njia, yatachagua mahali tuta lilipo chini kuliko kwingine, yatalipasua, yatashukia tuta la pili yakiwa na nguvu zaidi, na kazi yote itaondoka kwa saa moja.

Tafuta bonde dogo la asili linaloshuka pembeni mwa shamba, mahali ambapo maji yamezoea kupita. Lipanue liwe na upana wa mita 2 na kina kisichozidi sentimita 30, kwa sababu maji yaliyotandazwa hupungukiwa nguvu, ilhali maji yaliyobanwa huchimba. Panda ukoka mwanzoni mwa masika na uuache ushikamane. Kila mahali penye mwinuko mkali panga mawe kukatisha njia, yakiwa chini katikati na juu pembeni, ili maji yapite katikati yasizunguke.

Usitumie njia ya miguu kama njia ya maji. Katika milima yetu njia nyingi za kwenda kisimani na shuleni zimegeuka makorongo kwa sababu kila mwenye shamba ameelekeza maji yake huko. Na kama maji yako yatapita kwa jirani, zungumza naye kwanza mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ugomvi wa maji ukishaingia kati ya majirani ni mgumu kuutoa, na jirani aliyekasirika anaweza kuziba kwa usiku mmoja ulichokijenga mwaka mzima.

Maji yanayotoka taratibu kupitia ukoka huacha udongo njiani. Hilo lina maana kubwa kwa mashamba ya Usambara Mashariki, kwa kuwa udongo unaoporomoka huko huingia Mto Zigi, na Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga.

Utajua umefaulu pale ukoka utakapokuwa umefunika njia yote kiasi kwamba ukiuvuta kwa mkono, unakatika bila kung'oka.

## Hatua ya 3: Tengeneza fremu ya A na uipime

Unganisha fito mbili ndefu juu, panua miguu hadi nafasi kati ya nyayo iwe mita 2 kamili, kisha pigilia ufito mfupi katikati ya miguu ili iwe kama herufi A. Funga uzi kwenye kiungo cha juu na uning'inize jiwe likae chini kidogo ya ufito wa katikati.

Sasa tafuta alama ya usawa. Pigilia vigingi viwili ardhini, umbali wa mita 2, na usimamishe fremu juu yake. Jiwe likitulia, weka alama ya penseli mahali uzi unapogusa ufito. Igeuze fremu ili mguu wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia, uweke alama ya pili. Nusu ya umbali kati ya alama hizo mbili ndiyo usawa kamili. Chora hapo mstari wa kudumu. Hata kama vigingi vyako havikuwa sawa, kugeuza fremu hufuta kosa hilo. Anayeweka alama moja tu bila kugeuza hubeba kosa lake shamba zima.

Kwa sehemu zenye mvua nyingi, kama Amani, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 1,500, mtaro ulio sawa kabisa hujaa na kumwagikia nje. Huko mstari unapaswa kushuka kidogo sana kuelekea njia ya maji: sentimita 1 kwa kila mita 2. Tafuta kwanza pointi mbili zilizo sawa kwa kutumia alama uliyokwisha kuipata. Weka kipande cha ubao cha sentimita 1 chini ya mguu mmoja, na uchore mahali uzi ulipohamia. Mguu ambao *haukuwekewa* ubao upake rangi. Ukiwa shambani, mguu wenye rangi uelekee njia ya maji daima, hata unapopima kwa kurudi nyuma, na uzi uguse alama hii ya pili. Ukisahau jambo hili na kuugeuza mguu, mstari utashuka kuelekea katikati ya shamba, na maji yatakusanyika pale pale usipoyataka.

Upande wa milima wenye mvua chache, pamoja na tambarare za Korogwe na Handeni, tumia alama ya usawa. Huko kila tone linalozama ni faida.

Onyo. Usipime wakati wa upepo wa mchana. Asubuhi mapema jiwe hutulia haraka.

## Hatua ya 4: Pima na weka vigingi

Anza kwa kuweka mstari wa kushukia: safu ya vigingi inayotoka juu hadi chini mahali penye mteremko wa wastani. Shuka kwa ile mbao ya mita 2 ukijumlisha sentimita za kila kipimo, na kila ardhi inaposhuka jumla ya mita 1 na nusu, weka kigingi kikubwa. Kwenye mteremko wa asilimia 10 vigingi hivyo vitaachana kwa mita 15, kwenye asilimia 20 kwa mita 7 na nusu, na kwenye asilimia 30 kwa mita 5.

Wapo wanaotaka nafasi kubwa zaidi ili wapunguze kuchimba. Sishauri hivyo. Nafasi ikiwa kubwa, maji hupata mbio kabla ya kufika mtaroni, na tuta hulazimika kubeba mzigo ambao halikujengewa.

Kutoka kila kigingi kikubwa, pima kulia na kushoto kwa fremu ya A. Mguu mmoja ukae kwenye kigingi, mwingine usogezwe juu au chini hadi uzi uguse alama, kisha upigilie kigingi hapo na uzungushe fremu kwenda mbele. Kanyaga majani na toa mabonge chini ya miguu, kwa sababu bonge la udongo la sentimita 3 linatosha kuupotosha mstari.

Ukimaliza, simama mbali uutazame mstari mzima. Utakuwa umepinda, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Vigingi vilivyochomoza peke yake vinaweza kusogezwa kidogo ili mstari uwe laini, lakini visiguswe vile vinavyopita kwenye vijibonde. Mtu anayenyoosha mstari mahali pa kijibonde ndiye anayelifungulia korongo.

## Hatua ya 5: Chimba kuanzia juu

Muda mzuri ni Julai hadi Septemba, masika yakiwa yamepita na vuli haijaanza, ili udongo wa tuta upate kutulia kabla ya kupigwa na mvua. Pale ambapo kiangazi hukausha ardhi ikawa kama jiwe, subiri manyunyu ya kwanza.

Kama maji yanaingia shambani kutoka barabarani au kwenye shamba la juu, kazi ya kwanza ni mtaro wa kuchepusha mpakani, wenye kina cha sentimita 50 na mteremko mdogo kuelekea njia ya maji. Huu peke yake ndio ambao udongo wake hutupwa upande wa *chini*, kwa kuwa kazi yake ni kuyageuza maji ya mgeni kabla hayajaingia.

Baada ya hapo chimba mstari wa juu kabisa, ukamilike, ndipo ushuke kwenye wa pili. Mstari wa chini uliochimbwa kwanza hupokea maji ya shamba zima likiwa bado wazi.

Kwa kila mstari fanya hivi:

1. Kwangua udongo mweusi wa juu, kina cha jembe moja, uutandaze shambani upande wa chini. Huo ndio wenye rutuba, na kuuzika ndani ya tuta ni kuitupa mbolea.
2. Acha ukingo wa sentimita 20 hadi 30 usioguswa kati ya mtaro na mahali pa tuta, ili udongo usirudi mtaroni.
3. Chimba upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, ukirusha udongo juu.
4. Kila udongo unapofika kimo cha kiganja, ushindilie kwa miguu au kwa mgongo wa beleshi. Tuta lililoshindiliwa liwe na kimo cha sentimita 40 hadi 50.
5. Mahali pa kijibonde, ongeza kimo hadi kilele cha tuta kiwe sawa na pembeni. Tumia pima maji, usikisie.
6. Kwenye mitaro ya usawa, acha vizuizi vya udongo ndani ya mtaro kila baada ya mita 10, vikiwa chini ya ukingo, ili maji yasikimbilie upande mmoja. Kwenye mitaro inayoshuka kuelekea njia ya maji, usiweke.
7. Ncha ya mtaro wa usawa isiyofika kwenye njia ya maji ifungwe kwa kulikunja tuta kuelekea juu, mita 1 au 2.

Utajua umefaulu ukimwaga debe la maji katikati ya mtaro wa usawa, nayo yakatandaa pande zote mbili. Yakikimbilia upande mmoja, kuna kosa la kipimo, na ni rahisi kulirekebisha siku hiyo kuliko mwezi Aprili.

## Hatua ya 6: Lifunike tuta kwa majani

Tuta tupu halivuki masika. Panda majani mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, kwa nafasi ya sentimita 30, kwenye mgongo wa tuta.

Kuhusu aina, Guatemala ndiyo ninayoitanguliza kwa nyanda za juu za Lushoto: hushikilia udongo vizuri na hubaki na majani kiangazi, wakati ng'ombe wa ndani anapokosa malisho. Mabingobingo hukua haraka na kutoa chakula kingi cha mifugo, lakini mizizi yake hugombania maji na mahindi ya mstari wa kwanza, hivyo yafaa kwa mwenye ng'ombe atakayeyakata mara kwa mara. Vetiva haipendwi na mifugo, nayo ndiyo sababu ya kuipanda mahali mbuzi wanapozurura.

Miti michache huongeza uimara. Migrevilea kwa nyanda za juu, au gliricidia kwa maeneo ya chini ya Muheza, ipandwe upande wa chini wa mtaro kwa nafasi ya mita 4 hadi 5. Migomba hustawi ndani ya mtaro wenyewe, hasa wa usawa. Ichimbie shimo lenye samadi, na usiiweke kwenye mitaro ya kupitisha maji.

## Hatua ya 7: Mwaka wa kwanza wa uangalizi

Nenda shambani baada ya kila mvua kubwa, ikiwezekana wakati bado inanyesha, kwa sababu maji yakionekana yanapopita, hayahitaji kubashiriwa.

Pakitokea ufa kwenye tuta, uzibe siku hiyo hiyo kwa udongo uliolowana kiasi na uushindilie. Maji yakikaa mtaroni zaidi ya siku mbili, udongo wako unakunywa polepole: toboa vizuizi na uelekeze ncha kwenye njia ya maji. Ukiona vijifereji vimejichora kati ya mistari, nafasi ni kubwa mno au udongo uko uchi. Tandaza mabua ya mahindi badala ya kuyachoma, na uchanganye maharage kati ya mahindi ili ardhi ifunikwe mapema.

Majani yakatwe yakifika kimo cha kiuno, yakiachwa sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Usiruhusu ng'ombe wachungwe juu ya tuta, hata kwa siku moja baada ya mavuno, kwani kwato huporomosha kingo.

Udongo utakaojaa mtaroni ni wako na ni wa rutuba. Kila mwaka kabla ya vuli, uzoe na uurushe juu ya tuta, ukiliongeza kwa kadiri ya sentimita 10. Huku nyuma yake ardhi itakuwa ikipanda, na katika msimu wa pili au wa tatu utaona mahindi ya karibu na tuta yakiwa marefu na ya kijani kibichi kuliko ya sehemu ya juu ya kipande hicho. Hapo ndipo udongo na unyevu vinapokusanyika. Samadi yako, kwa hiyo, ielekeze kwenye sehemu ya juu iliyopoteza udongo, si kwenye ile iliyokwisha kuneemeka.

Tofauti ya kimo cha ardhi kati ya sehemu ya juu na ya chini ya kipande itaendelea kupungua kadiri ardhi inavyolala. Acha kuliongeza tuta pale mbao ya mita 2, ikilazwa kati ya mistari miwili, itakapoonesha mteremko wa chini ya asilimia 5. Kuanzia hapo kazi inayobaki ni kukata majani, kusafisha mitaro na kuutunza ukoka wa njia ya maji.